Motokari ya likelemba inavutwa mpaka Yellowstone

Sisi dada zenu wanne wa huku Boise tuko wazima, na watoto wako wazima.

Mnatuuliza mara nyingi: "Huko Amerika mnatembea, ao ni kazi tu?" Jibu la kweli ni kazi. Lakini mwezi wa nane tulitembea siku tano, kutoka Boise, mji mkuu wa jimbo la Idaho, mpaka mbuga ya Yellowstone, karibu kilometa 600 kwenda peke yake. Tulitembea ndani ya nyumba yenye magurudumu, na nyuma yetu tulivuta motokari yetu wenyewe. Tutawaeleza tuliyoyaona njiani, lakini zaidi tutawaeleza namna tulivyoichunga ile motokari isipigwe mawe. Hiyo ndiyo kazi iliyotutoa jasho, na tunaona ina faida hata kwenu.

Motokari yenyewe

Wengine hamjaiona hata kwenye picha. Ni Honda CR-V ya mwaka 2012, rangi ya majivu. Tuliinunua kwa likelemba: kila mmoja wetu alitoa dola 100 kila mwezi, na badala ya kuzungusha franga kwa zamu kama kawaida, tuliziacha zikae mpaka zikafika. Mmoja wetu anasafisha ofisi usiku, mmoja anafua mashuka katika hoteli, mmoja anatunza wazee, mmoja anajaza viazi ndani ya magunia. Saa tunazotoka kazini, basi hakuna. Kwa hiyo motokari hii hailali. Ikimshusha huyu inaenda kumchukua yule. Ndiyo inapeleka watoto hospitali, ndiyo inaleta unga na samaki siku ya posho. Ikisimama siku mbili, nyumba nne zinasimama.

Tuliinunua kwa wazee wawili jirani zetu, mzee na bibi yake, wazungu wenye zaidi ya miaka 70. Siku tulipoiosha mara ya kwanza tuliona mambo mawili. La kwanza, kapo ilikuwa na madoa madogo madogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui akapona. La pili, chini ya bampa ya mbele kulikuwa na masikio mawili ya chuma. Tukaenda kuuliza. Mama mzee akacheka. Akasema masikio ni ya kuvutia, na madoa ni mawe ya barabara ya Alaska.

Tukaelezwa. Wazee wengi wa huku wakistaafu wananunua nyumba yenye magurudumu: kitanda, jiko, choo, yote ndani ya kitu kirefu kama basi. Lakini nyumba ya namna hiyo haiingii kila mahali. Huwezi kwenda nayo dukani kununua nyanya. Kwa hiyo wanavuta motokari ndogo nyuma. Wakifika kambini, nyumba inabaki, motokari ndogo inatembea. Kwa mchezo wanaiita "chura", kwa sababu katika Kiingereza neno la chura na neno la kitu kinachovutwa yanasikika sawa. Binti yetu wa miaka 12, aliyezaliwa katika kambi ya Nakivale kule Uganda na ambaye ndiye mtafsiri wetu, alipoelewa mchezo huo alicheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo motokari yetu ina jina. Anaitwa Chura.

Mwaliko

Mwezi wa saba wale wazee wakaja kutubishia mlango. Walitaka kwenda Yellowstone, na walitaka twende pamoja. Lakini kulikuwa na shida. Motokari yao mpya haiwezi kuvutwa magurudumu yote manne yakiwa chini. Motokari nyingi za kiotomatiki ziko hivyo: injini ikizimwa, mafuta hayazunguki vizuri ndani ya sanduku la gia, na ukiivuta mbali sanduku linaungua. CR-V ya miaka ile inaruhusiwa, ukifuata masharti yake. Wakaomba tuwaazime Chura.

Tulikaa usiku mzima juu ya neno hilo. Mtunza-hazina wetu alikataa kabisa. Alisema: "Hii si motokari ya kutembelea. Hii ni sufuria. Nani anaazima sufuria wakati watoto hawajala?" Alikuwa na haki. Fundi wa vioo alikuwa ametuambia zamani kwamba kioo kipya cha mbele ni dola 350. Hizo ni chakula, ni viatu vya shule, ni franga za kutuma nyumbani kwenu huko.

Mwishowe tulipatana hivi: wawili waende na binti, wawili wabaki na watoto wengine. Kwa siku hizo waliobaki wataomba wenzao wa kazi wawapakie. Na mtunza-hazina akatoa sharti lake: "Itoke na kioo, irudi na kioo. Na Siku ya Kwanza saa tatu usiku iwe hapa, kwa sababu saa nne naingia kazini."

Mama mzee na tochi yake

Jioni ya kuamkia safari tulikwenda kwao kusaidia. Tulidhani mzee ndiye fundi. Kumbe mzee anashika usukani tu. Fundi ni bibi yake. Tulimkuta amelala chini juu ya katoni, tochi mdomoni, anakaza chuma. Mama wa miaka 74! Akatoka, akajipangusa mikono, akatufundisha.

Alituambia hivi. Motokari inayovutwa haina shofere. Ninyi mkiwa nyuma ya kamioni barabarani mnaweza kupunguza mwendo, mnaweza kukaa mbali, mnaweza kupita. Chura hawezi. Amefungwa karibu nyuma ya magurudumu makubwa, safari nzima. Kila jiwe linalookotwa na magurudumu yale linamjia yeye. Linaanza na bampa na taa, linafuata radieta, kisha kapo, na likiruka juu zaidi, kioo. Mvua ikinyesha anakula matope pia.

Akasema watu wamejaribu njia nne, na yeye amezijaribu zote.

Ya kwanza ni mpira mzito unaoning'inia nyuma ya nyumba, upana wake wote, kutoka upande hadi upande. Unazuia mawe pale pale yanapotoka. Lakini ukiwa mfupi, mawe yanapita chini yake. Ukiwa mrefu mpaka unagusa barabara, unaisha haraka, tena unafagia mawe wenyewe. Na mwendo ukiwa mkali upepo unauinua kama kikwembe, kwa hiyo chini yake wanafunga uzito ao mnyororo.

Ya pili ni ngao ya plastiki ngumu, inayosimama juu ya mikono ya kuvutia, mbele ya uso wa motokari. Inalinda vizuri, lakini jiwe likigonga kitu kigumu linarudi. Nyumba nyingi zenye injini nyuma zina radieta huko huko nyuma. Yeye aliwahi kukuta alama za mawe mgongoni mwa nyumba yake, yaliyorushwa na magurudumu yake yenyewe, yakagonga ngao, yakarudi kwa mwenyewe.

Ya tatu ni wavu wa kitambaa kigumu, uliotandikwa kati ya nyumba na motokari kama kitanda cha kamba. Jiwe likiangukia pale halirudi na haliendi mbele, linadondoka. Upepo unapita, maji yanapita, na kwenye kona wavu unajivuta kwa sababu kamba zake ni za mpira.

Ya nne ni kuivalisha motokari yenyewe: kitambaa cha kufunika kapo na kioo, ao plastiki nyembamba isiyoonekana inayogandishwa juu ya rangi na taa. Plastiki ni nzuri lakini ni franga nyingi. Kitambaa ni rahisi, lakini hapo mama mzee aliinua kidole: "Kitambaa juu ya motokari chafu ni msasa." Vumbi likiingia chini yake na upepo ukakichezesha, kitambaa kile kile ulichoweka kulinda rangi kinaila rangi.

Yeye sasa anatumia mbili pamoja, mpira nyuma ya nyumba na wavu katikati. Basi tukaosha Chura mara mbili, tukampangusa, tukafunga wavu. Giza lilikuwa limeingia. Kona ya mwisho, upande wa kushoto, tuliifunga sisi kwa haraka. Kumbukeni kona hiyo.

Asubuhi kulikuwa na kazi nyingine. Mama mzee aliwasha injini ya Chura, akapitisha gia, akaiweka huru, akaacha injini ingurume dakika tatu, akazima, akaacha ufunguo mahali ambapo usukani haujifungi. Akafunga minyororo ya usalama, waya wa taa, na kamba ya breki ambayo ingemsimamisha Chura peke yake kama angekatika. Kisha akatuonya neno moja: motokari ikiwa imefungwa hivi, nyumba hairudi nyuma. Ukirudi nyuma magurudumu ya Chura yanajipinda na chuma kinavunjika. Ukikosea njia, unafungua kwanza.

Barabara ya 20

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu. Mpaka Mountain Home barabara ni kubwa na nyeupe, nyika ya majani makavu pande zote. Hapo tukaiacha, tukashika barabara ya 20 inayopanda milimani. Juu yake kuna uwanda mpana, kijani, wenye milima pembeni, na mji mdogo wa Fairfield. Mmoja wetu alisema, "Ungetia ng'ombe hapa ungesema ni Masisi." Halafu tukanyamaza kidogo, kila mtu na Masisi yake.

Karibu na usukani kuna kioo kidogo kinachoonyesha nyuma kwa kamera. Hatukutazama milima sana. Tulitazama kile kioo. Chura alikuwa pale, uso wake kijivu, anatufuata kama mtoto aliyeshika kikwembe cha mama yake.

Baada ya Fairfield tukakuta watengenezaji wa barabara. Huku wakati wa joto wanamwaga lami ya moto, wanatandaza kokoto juu yake, wanapitisha mashine ya kushindilia, kisha wanaacha motokari zipite pole pole ili kokoto zikamatane. Zile zilizobaki wanazifagia baadaye. Siku kabla ya kufagia ndizo za hatari. Kibao kilisema maili 35 kwa saa, yaani kama kilometa 56. Mzee alishuka mpaka 40. Tulisikia kokoto chini yetu: ta-ta-ta-ta, kama mvua ya mawe juu ya mabati.

Basi ikatoka nyuma yetu pikapu nyekundu. Shofere wake hakuwa na subira. Alitupita kwa mwendo, akarudi mbele yetu, na magurudumu yake yakatutupia. Paa! Sote tuliinama. Kioo kikubwa cha mbele cha nyumba, upande wa mama mzee, kilikuwa na nyota kubwa kama sarafu.

Mzee alisimama penye nafasi. Sisi wawili tulikuwa wa kwanza kushuka, na tunaona haya kuwaambia kwamba hatukutazama kioo cha wazee. Tulikimbia nyuma kwa Chura. Tulipapasa kapo kwa viganja, taa ya kulia, taa ya kushoto, kioo. Hakuna kitu. Katika pindo za wavu binti yetu aliokota kokoto akazihesabu: 17. Kumi na saba zilizokuwa zinaenda usoni kwa Chura.

Tuliporudi mbele tukamkuta mama mzee amesimama juu ya kingazi, anapangusa ile nyota kwa kitambaa kikavu, kisha anabandika juu yake kipande cha gundi ya karatasi isiyo na rangi. Akaeleza: maji na vumbi visiingie. Ukiwahi kwa fundi, anaingiza dawa ndani ya tundu na kioo kinashika. Ukichelewa, joto la mchana na baridi ya usiku vinaivuta nyota inakuwa mstari mrefu, na mstari mrefu mara nyingi haupigwi dawa. Hapo ni kioo kipya. Akamwambia pia mzee asiwashe hewa baridi kali juu ya kioo chenye moto. Hakumtukana mtu wa pikapu. Alisema tu, "Anayetangulia hajui anachorusha."

Mawe tunayoyajua

Baada ya mji wa Carey barabara inaingia ndani ya mawe meusi. Tulisimama. Mahali hapo panaitwa Craters of the Moon, na serikali inapalinda tangu mwaka 1924. Ni uwanda wa lava, kilometa nyingi, nyeusi, imejikunja kama kamba na kupasuka kama mkate. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo waliletwa hapa kujifunza mawe. Wageni walipiga picha wakishangaa. Moto wa mwisho hapa ulitoka karibu miaka 2,000 iliyopita, kwa hiyo kwao ni kitu cha zamani.

Sisi hatukushangaa. Tuliinama, tukagusa. Mmoja wetu alikuwa Goma tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipotuma moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Alikimbia na mtoto mgongoni. Dada yake mdogo alikimbia tena tarehe 22 Mei 2021. Alimwambia binti yetu: "Jiwe hili sisi hatulitembelei. Tunalikata, tunajengea ukuta, tunapandia maharagi juu yake." Binti aliuliza kama ni kweli watu wanarudi kujenga mahali pale pale. Tukamwambia ni kweli. Tukamwambia barabara ya kwenda kwa nyanya yake ni ya jiwe hili, lililovunjwa-vunjwa, na kila kamioni inayopita inalirusha.

Mama mzee alisikiliza tafsiri kimya. Halafu akauliza swali la fundi: "Na kwenu mnafunga nini nyuma ya kamioni?" Tukajibu: mara nyingi hakuna kitu.

Yellowstone

Tulilala njiani, na kesho yake tukafika West Yellowstone, juu kuliko Goma, zaidi ya mita 2,000, usiku baridi ya kuvaa makoti ijapokuwa ni mwezi wa nane. Hapo tukamfungua Chura. Kazi ya dakika kumi: waya, kamba, minyororo, pini mbili, basi. Tukamwosha kabla ya kuingia mbugani. Wazee wakakaa mbele, sisi watatu nyuma.

Yellowstone ilifanywa mbuga mwaka 1872, ya kwanza ya namna yake duniani. Yetu ya Virunga ni ya mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika. Tuliwaambia wazee hivyo kwa kiburi kidogo, na hawakujua. Tuliona maji yanayochemka yakiruka juu kutoka ardhini. Ile chemchemi maarufu, Old Faithful, inaruka takriban kila saa moja na nusu, na watu wanakaa kwenye mabenchi kuingoja kama wanangoja misa ianze. Tuliona mbogo wa huku wenye manyoya wakivuka barabara bila haraka, motokari zote zimesimama. Mmoja alipita karibu na Chura kiasi cha kumfikia kwa mkono. Tulimwomba Mungu asijikune hapo.

Mambo ya mbuga ni mengi na tutawaandikia siku nyingine. Neno letu la leo ni kurudi.

Kona ya kushoto

Siku ya Kwanza asubuhi na mapema tulimfunga tena, tukarudi njia ile ile. Katika Idaho Falls mzee aliingia kituo cha mafuta kidogo akakuta mbele hakuna pa kutokea. Kurudi nyuma hawezi. Watu walikuwa nyuma yetu wanangoja. Sisi wawili na mama mzee tuliruka chini, tukamfungua Chura, mmoja wetu akamwendesha pembeni, nyumba ikageuka, tukamfunga tena. Dakika kumi na mbili. Kijana mmoja wa kituo alitupigia makofi.

Tulifika Boise saa mbili usiku. Mtunza-hazina alikuwa amesimama nje, ameshavaa nguo za kazi. Hakutusalimu kwanza. Alimulika kioo kwa simu yake, kutoka juu mpaka chini. Kizima. Akamulika taa. Nzima. Ndipo akacheka, akatukumbatia.

Lakini sisi tulikuwa tumeshaona. Tulipoondoa wavu, kwenye kona ya kushoto ya bampa rangi ilikuwa imekwisha, mahali padogo kama kiganja, pamefifia kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Ni ile kona tuliyoifunga gizani. Hatukuipangusa, wala hatukukaza kamba. Safari yote wavu ulikuwa unacheza juu ya vumbi. Mawe ya barabara hayakumgusa Chura. Aliyemgusa ni sisi.

Tukamwonyesha mtunza-hazina. Alinyamaza, akasugua pale kwa kidole gumba. Akasema, "Hii haituzuii kufika kazini. Nipeni ufunguo." Saa nne kamili alikuwa kazini.

Juma lililofuata tulitoa dola 40 katika likelemba tukawapelekea wazee, mchango wa kutengeneza kioo chao, kwa sababu nyota ile waliipata katika safari yetu sote. Tuliogopa watakataa, kama watu wanavyokataa kitu cha maskini. Mama mzee alizipokea, akasema aksanti, akatuandikia karatasi. Tulifurahi kuliko angekataa. Na tuliwapelekea sombe na samaki. Mzee aliramba sahani.

Kwenu huko

Tunajua barabara zenu siku hizi zina mengine ya kuogopa kuliko mawe. Lakini bado motokari zinakufa njiani, bado mnazivuta kwa kamba nyuma ya Fuso, na bado mawe ya volkano yanaruka. Basi pokeeni haya machache.

Mkivutwa na kamioni, ombeni wafunge kitu nyuma ya magurudumu yake: kipande cha mpira wa zamani, hata zulia lililoisha, kizito chini, kisiguse barabara. Ni rahisi kumvalisha anayerusha kuliko kumvalisha anayerushiwa. Msifunike kioo cha motokari inayovutwa kama kuna mtu anashika usukani, lazima aone. Mkifunika kapo ao taa kwa gunia, osheni kwanza, na kazeni kamba lisicheze. Mwambieni shofere aende pole pole, hasa penye kokoto mpya. Kioo kikipata nyota ndogo, fungeni siku ile ile maji yasiingie, mtafute fundi mapema. Na mkiwa nyuma ya kamioni bila kufungwa, basi mna bahati ambayo Chura hana: kaeni mbali.

Zile kokoto 17 binti yetu alizirudisha nazo. Ziko ndani ya chupa dirishani, pamoja na kijiwe cheusi ambacho mmoja wetu alikileta kutoka Goma ndani ya mfuko wake miaka mingi iliyopita. Kile cha lava ya huku hatukuchukua, sheria inakataza.

Tunamaliza hapa kwa sababu saa imefika. Chura yuko nje, kona yake ya kushoto imepakwa rangi ya chupa isiyofanana sana, anangoja zamu ya usiku. Salimieni wote nyumbani.